Shangazi, fundi asimwage zege kwanza

Shangazi shikamoo. Najua hii utasomewa na watoto kwenye simu, ila nimeiweka wazi hapa maana ndugu zetu wengi wa Mara wamejenga kando ya ziwa na naona inawahusu pia. Uliponiambia mnataka kuijenga upya nyumba ya babu palepale ilipoingia maji mwaka 2020, nilinyamaza tu, sikuwa na la kusema. Sasa ninalo.

Jumamosi nilienda Chrystkowo, kijiji kidogo huku Poland, kwenye bonde la mto Vistula karibu na mji wa Świecie. Kumbe kilikuwa kijiji cha Wamennonite, Wakristo kama wa kanisa letu! Sio ukoo mmoja na wale wamisionari wa Pennsylvania, Marekani, waliofika Shirati kwetu Mara 1934, wale asili yao Uswisi na kusini mwa Ujerumani, hawa walitokea Uholanzi kwenye miaka ya 1500 wakikimbia kuuawa kwa kosa la kubatiza watu wazima, ila jina ni hilihili letu, la Menno Simons, yule padri aliyeacha upadri 1536. Wenye ardhi wa huku waliwapokea kwa sababu bonde lilikuwa kinamasi na watu hawa maji wanayajua, wakachimba mifereji, wakainua matuta, wakapewa mikataba ya kupangisha ya miaka mingi na kuachwa wasali wanavyoamini.

Nyumba iliyobaki pale ni ya 1770. Ya magogo, paa la nyasi nene, na baraza yenye nguzo za mbao. Nilipitisha kidole kwenye pembe, magogo yameng'atana hata kucha haipiti, nikasimama pale muda mrefu nikimuwaza babu na randa yake.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni jinsi walivyojipanga na mto. Kwa jadi yao pale bondeni kwanza walikuwa wanamwaga udongo mpaka unakuwa kilima kidogo, ndo nyumba inakaa juu. Halafu watu, ng'ombe na ghala vyote vinafuatana kwa mstari mmoja, paa moja, na upande wa watu ndio unaotazama maji yanakotokea, zizi linakaa upande yanakoelekea. Yaani mafuriko yakija yanapita kwa watu kwanza yakiwa masafi, mavi ya ng'ombe yanasukumwa mbali na nyumba! Chakula kinapandishwa darini. Na kati ya nyumba na mto wamepanda miti, mierebi, ile unayoisoma kwenye Isaya, ili izuie mabonge ya barafu yanayoletwa na mto yasije kugonga kuta.

Roho iliniuma ndani ya ile nyumba, sikufichi. Jirani tu pale, Przechówko, karibu usharika mzima ulihamia Urusi 1821, sehemu ambayo leo ni Ukraine, wakaanzisha kijiji cha Alexanderwohl, na 1874 watoto na wajukuu zao wakahama tena mpaka Kansas, Marekani. Waliobaki bondeni wakaondoka 1945 vita vilipofika. Huku kote nilikopita sikukuta hata mmoja wa kuuliza babu yake alikuwa anaimba wimbo gani jioni.

Sasa Shangazi turudi kwetu. Mwaka ule mvua ya mlimani ilipita zizini kwanza ndo ikaja jikoni, mkaugua matumbo nyumba nzima, na bado ziwa likapanda kutoka upande wa pili. Zizi na choo naomba vihame, visikae upande wa juu wa nyumba tena. Na pale chini kabla ya msingi kiwekwe kifusi, kishindiliwe vizuri, kiachwe mvua za masika zipite juu yake ndo mjenge, hata kama fundi atasema anapotezewa muda.

Hela ya lori mbili za kifusi natuma mwisho wa mwezi. Ule mlango wa babu wa mninga usiuzwe, uwekwe ndani. Nipigie Jumapili ukitoka kwaya.