Ua la Usambara lisihukumiwe kwa mmea mmoja

Mhariri,

Likitajwa ua la zambarau la Usambara, Saintpaulia, watu huuliza: ziko spishi ngapi? Ilianza moja, iliyopewa jina Saintpaulia ionantha mwaka 1893. Kufikia miaka ya 1960, kwa kazi ya mtaalamu wa mimea B. L. Burtt, zilikaribia 20. Mwaka 2006 zikashushwa hadi 6, nyingi zikiingizwa kama nususpishi (ngazi iliyo chini ya spishi) za ionantha. Baadhi ya majina yale yalitolewa kwa kutazama mimea ya vyunguni Ulaya, na hapo ndipo penye kasoro, maana mmea mmoja wa chunguni hauonyeshi tofauti zilizoko porini.

Alama kuu ya kutenganisha aina ni vinyweleo vya juu ya jani: virefu au vifupi, vimesimama au vimelala. Litazame jani likiwa bichi, kwa lenzi ya mara 10, mwanga ukitokea ubavuni, kisha ulipige picha. Ukishalibana kwenye magazeti ili likauke, vilivyosimama navyo hulala, na alama imekwisha.

Kwenye kila jabali inapoota, chagua mimea 15 hadi 20 iliyoachana mita kadhaa. Mmoja au miwili inatosha kukaushwa mizima. Mingine ikatwe kipande cha jani cha sentimita 2 tu, maana mimea hii ni adimu. Kipande kiingie kwenye chembe za silika, zinazonyonya unyevu, zenye uzito usiopungua mara 10 ya jani. Jani hili ni nene, lina maji mengi: chembe za rangi ya chungwa zikigeuka kijani, zibadilishe papo hapo. Lisipokauka ndani ya siku moja, DNA huanza kuharibika. Ua na tunda vitie kwenye alkoholi ya asilimia 70. Tunda refu jembamba na lile fupi nene hutenganisha aina.

Maabara peke yake haimalizi ubishi. Kipande cha DNA kiitwacho ITS karibu kinafanana kwa mimea mingi ya kundi la ionantha, nayo ikipandwa pamoja huzaana kwa urahisi. Zinahitajika jeni nyingi, tena kutoka vilima vyote vya njiani. Anayechukua sampuli za ncha mbili tu za safu ya milima ataona spishi mbili, kumbe katikati mimea inabadilika kidogo kidogo.

Tunawaomba waandishi, mtakapoletewa habari ya spishi mpya, mwulizeni mtafiti: umepima mimea mingapi, na kutoka vilima vingapi?

Watafiti wa mimea,
Muheza