Mwanangu, we hukuwa bubu

Mwanangu,

Jana shangazi yako kaja na machungwa yake ya Muheza, kakaa pale barazani, kakusikiliza unavyomwaga habari za mpira bila kupumua, afu akacheka akasema "haa, huyu si ndo yule bubu wetu huyu". Ukanyamaza. We kunyamaza! Usiku nafunika cherehani ukaja na kaptula yako ya shule mkononi ukaniuliza "baba, kwani mi nilikuwa bubu?" nikakwambia kalale, kesho shule. Sikukujibu kwa sababu jibu lake refu na mi maneno mengi mdomoni siyawezi, bora niandike. Utaisoma ukikua, au hata wiki ijayo, maana sa hivi unasoma mpaka maandishi ya kwenye viroba vya unga.

Basi jibu ni hili, hukuwa bubu. Masikio yako yalikuwa yanaumwa na hatukujua, na pia sisi wenyewe tulikuwa hatukuachii nafasi ya kusema, mimi zaidi kuliko mama yako. Na hata ungekuwa husikii kabisa mi sioni aibu iko wapi, si unamjua yule fundi viatu wa pale kona, kiziwi, anaongea na mkewe kwa lugha ya alama na wanagombana vizuri tu kama sisi.

Umezaliwa 2018 hapahapa Ngamiani, Tanga. Ulikuwa mnene, mtulivu, unakaa chini ya meza ya cherehani na vitambaa vyako saa nzima, watu wanasema "mtoto mstaarabu huyu" na mi moyoni nafurahi, fundi na mtoto wa fujo wapi na wapi. Ulipotimiza mwaka ulikuwa na "baba" na "nyonyo". Mwaka na nusu ikaongezeka "didi", ndo ndizi hiyo. Miaka miwili tukakaa na mama yako tukahesabu kwenye vidole, manne. Manne tu mwanangu, na mtoto wa jirani mliozaliwa wiki moja anasema "mama njoo" na "sitaki uji" mpaka unasikia uchungu.

Hapo sasa kila mtu akawa daktari. Bibi yako akasema wanaume ndivyo walivyo wanachelewa, tena baba yako mwenyewe nani kamsikia kabla ya miaka mitatu. Jirani akasema ana udata huyo, ulimi umefungwa, akatwe. Mwingine akasema ni kimeo, kile kinyama cha kooni, na kuna mzee anakata vizuri tu hata damu haitoki sana. Mwingine tena akasema kosa letu, tunamchanganya mtoto, baba Kiswahili mama Kisambaa, achague moja. Hilo la mwisho ndo lilimuuma mama yako, akaacha kukuongelesha Kisambaa kama miezi miwili hivi, na nyimbo zake zote za kukubembelezea ni za kwao Lushoto, kwa hiyo jioni nyumba ikawa kimya, redio tu.

Tukaenda kliniki. Kituo cha kwanza yule aliyetupokea hakuinua hata kichwa, "atasema tu, msiwe na haraka", akaandika kilo zako kwenye kadi tukarudi. Sijui ningekuwa wapi leo kama mama yako angeridhika na lile jibu, mi niliridhika, nakwambia ukweli. Yeye ndo alinivuta mkono twende sehemu nyingine.

Huko tukakuta nesi mtu mzima, mtaratibu. Akampa mama yako kitambaa chekundu acheze na wewe mbele, yeye akaja nyuma yako kimyakimya, akaita jina lako kwa sauti ya chini ile ya kumwambia mtu siri. Hukugeuka. Akaita tena sikio la pili, hola. Akapiga kofi kubwa, ukageuka. Afu akatuuliza, masikio huwa yanatoa usaha? Tukaangaliana. Yalikuwa yanatoa, mafua yakija yanatoa, yakikauka tunasahau, na mi nilikuwa nakutia mafuta ya nazi ya vuguvugu kama nilivyotiwa mimi. Alinipa somo siku ile sitasahau, sikio halitiwi mafuta wala maziwa ya mama wala maji ya majani, likitoa uchafu mtoto anapelekwa hospitali.

Hospitali ya mkoa daktari wa masikio kaingiza kile kitochi chake, ngoma ya sikio ina tundu, la pili lina maji nyuma yake. Wakasafisha, wakatupa dawa ya matone, wakatufundisha kusokota pamba kama utambi wa kukaushia, na kuogeshwa maji yasiingie. Baadae ukapimwa usikivu, akasema anasikia huyu ila ni kama mtu anayesikiliza redio ya nyumba ya pili kupitia ukutani, mdundo anaupata, maneno yanamponyoka. Sa mtu wa hivyo atajifunza wapi kusema?

Ulimi nao akauangalia, mzima. Akasema udata ukiwepo kweli unaweza kumsumbua mtoto kunyonya au herufi mbili tatu, ila haumzuii kujua maneno. Na kimeo hakihusiki kabisa na mtoto kuchelewa kuongea, watoto wanavuja damu wanapata maambukizi mpaka wanakufa kwa ajili ya kukatwa kimeo. Kuhusu lugha mbili akacheka tu, akasema mjini hapa nani ana moja, mtoto akipata mbili ni mali yake, mnapohesabu maneno hesabuni ya huku na ya huku. Mama yako akatulia kidogo, afu akaanza kuhesabu upya palepale kwenye benchi. Yalikuwa saba, mwanangu. Matatu ya Kisambaa hatukuwahi kuyahesabu. Akalia, mi nikajifanya nasoma bango la malaria.

Masikio yalichukua wiki kadhaa kukauka. Nikajua basi, kesho utaamka unaongea kama diwani. Wapi.

Tukarudi kwa nesi. Akaniambia haya baba cheza nae nione. Nikachukua kigari, "hii nini? Sema gari. Gari. Sema gaari. Haya sema, mbona husemi?" Akaninyamazisha kwa mkono. Akaniuliza, umemuuliza mara ngapi? Nikasema kama tano. Na umemwachia muda gani ajibu? Sikuwa na la kusema. Akasema mtoto mdogo kichwa chake kinapanga polepole, we ukiuliza la pili kabla hajapanga la kwanza anaanza upya, mwisho anaamua kukaa zake kimya. Uliza mara moja, shuka chini uso wako uuone wake, afu funga mdomo uhesabu kimoyomoyo mpaka kumi.

Kumi! Jaribu siku moja. Kumi ya kumsubiri mtoto ni ndefu kuliko kupiga pindo la gauni la harusi.

Kesho yake asubuhi nikachuchumaa mbele yako, mkono huu ndizi huu andazi, nikauliza "ndizi au andazi?" Nikaanza. Mpaka tatu unaangalia andazi. Tano unaangalia ndizi. Sita mkono ukanyooka na mi mazoea yangu ningekupa hapohapo, nikajizuia, nikawa nakutazama tu usoni kama mjinga. Saba ukaniangalia, yani mimi, sio ndizi, ukaniangalia machoni. Tisa ukasema "didi". Nikakupa zote mbili na andazi la mama yako juu.

Kumbe zamani tulikuwa tunakupa kila kitu kabla hujaomba. Unanyoosha kidole, kikombe hicho. Unaguna, nyonyo hilo. Una shida gani ya kusema sasa? Tukaanza ujanja, kikombe tunakiweka juu ya kabati unapokiona ila hufiki, karanga tunafunga kwenye chupa unaleta mwenyewe tukufungulie. Tulikuwa hatukutesi, ukisema nusu ya neno unapewa.

Na ulikuwa kweli unasema nusu! Maneno yetu marefu, ulikuwa unakata kichwa unatupa unabakiza mkia. Samaki "maki". Mpira "pila". Nataka "taka". Cherehani ikawa "hani". Nesi akasema msimwambie sio hivyo, mrudishieni tu neno lake zima na muongeze moja juu, akisema "pila" we sema "ee mpira, mpira mkubwa", basi inatosha. Hiyo "l" badala ya "r" watu walicheka sana nayo, na hiyo herufi ndo huwa ya mwisho mwisho kwa watoto wengi, wala haikunisumbua.

Hani ndo ilituokoa. Nilikuwa nashona, nachukua kasi, afu nasimamisha mguu kwenye pedeli ghafla. Kimya. Nakuangalia chini ya meza. Unasema "hani!" naendelea. Nasimama tena. "Hani!" Tulicheza hivyo mpaka wateja wakaanza kulalamika nguo hazitoki, kuna gauni la mkole, ile sherehe ya mwali, nililichelewesha siku tatu kwa ajili yako. Siku moja nimesimama ukasema "baba hani". Mawili kwa pamoja. Nesi alishatuambia kufika miaka miwili mtoto huwa na kama maneno hamsini na anaunganisha mawili, we ulifika hapo unakaribia mitatu, ila ulifika. (Vifungo ndo tuliacha kuchezea, nilikuwa nakutajia rangi zake mpaka siku ulipotia kimoja mdomoni, mama yako alinifokea akasikika mpaka msikitini.)

Simu nayo niseme. Ulikuwa unapewa simu utulie, katuni za Kiingereza, ukawa unajua "wan tu thri" na maji huwezi kuomba. Shirika la Afya Duniani walishasema tangu 2019, mtoto hajafika miaka miwili skrini asikae nayo, wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku na ikiwa pungufu ndo vizuri. Tuliificha. Sio kila siku, jioni mama yako akikaanga dagaa na wewe unamng'ang'ania miguuni ilikuwa inatoka tu.

Na bibi yako, yule wa "wanaume wanachelewa", ndo alimaliza kazi. Usiku wa umeme kukatika alikuwa anaita "Paukwa!" na nyumba nzima inaitika "Pakawa!" kabla hajaanza hadithi. Nikamwambia bibi yako, leo tusiitike. Akaita, "Paukwa!" Kimya. Kibatari kinacheza ukutani. Binamu zako wamefumba midomo kwa viganja wanataka kupasuka. Nikawa nahesabu, nikafika nane, sauti ikatoka mapajani kwake, "kawa!" Alikurusha juu bibi wewe, na hadithi haikuendelea usiku ule, kila tukianza unadai tena kawa.

Sasa mdogo wako ana mwaka na miezi miwili na we ndo mkalimani wake. Akiguna tu ushakuja mbio, "baba anataka maji", "baba hataki huyo". Ndo maana wiki ile nilikwambia mwache kwanza, hesabu mpaka kumi, ukaninunia.

Asubuhi ya leo nilikuwa mlangoni hukuniona. Umechuchumaa mbele yake, kikombe umekishika kifuani, humwongeleshi, unamtazama tu na midomo yako inacheza kidogo kidogo. Nilirudi nyuma nisikuharibie. Ukirudi shule niambie, ulifika ngapi?

Baba yako