Nyumba za kale na hoteli: Amsterdam imeweka mpaka, Mji Mkongwe nao uwekewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala unaorudi kila mara kuhusu nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zinazogeuzwa hoteli, kwa kueleza niliyoyaona Amsterdam, mji wa mifereji ambao umekabiliana na jambo hilihili kwa muda mrefu kuliko sisi. Nilikwenda Uholanzi kwa mwaliko wa mkutano wa watu wanaoshughulika na ukarabati wa majengo ya zamani, na wenyeji wetu walitupangia vyumba katika hoteli ya hadhi ya juu iliyo kando ya Keizersgracht, mfereji wa kati katika ile mitatu mikubwa ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1613. Jina la hoteli sitalitaja, kwa kuwa sikusudii kuitangaza wala kuilaumu. Ninachotaka kuzungumzia ni namna jengo lake lilivyotunzwa, na utaratibu wa mji unaowabana wenye hoteli.

Hoteli yenyewe ni nyumba kadhaa za wafanyabiashara wa karne ya 17 na ya 18, zilizosimama ubavu kwa ubavu, ambazo kuta zake zimetobolewa milango hapa na pale ili mgeni apite kutoka nyumba moja hadi nyingine bila kutoka nje. Kwa kuwa kila nyumba ilijengwa na mwenyewe kwa wakati wake, sakafu zake hazilingani, hivyo mtu akitembea katika ujia wa ghorofa ya pili hupanda ngazi chache, hukata kona, kisha hushuka tena, na hapo hutambua kwamba ameingia nyumba ya jirani. Chumba changu kilikuwa chembamba na kirefu, chenye boriti za mbao zilizoachwa wazi darini, na sakafu yake iliinama kidogo kuelekea mferejini, kiasi kwamba miguu ya meza upande mmoja ilikuwa imewekewa vipande vya mbao ili isimame sawa. Nyuma ya nyumba hizo kulikuwa na bustani, kwani tangu karne ya 17 mji uliweka masharti ya kuzuia wenye nyumba wasijenge hadi mwisho wa kiwanja, na bustani hizo za ndani bado zipo, zimetulia, hazionekani na mpita njia.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu bei ya chumba kama hicho ni kubwa, na mwenye fedha za kununua nyumba za namna hiyo angeweza kushawishika kunyoosha kila kitu: sakafu moja, vyumba vya ukubwa mmoja, lifti pana katikati, na ukuta wa mbele tu ubakizwe kwa ajili ya picha. Hilo halikufanyika. Ngazi ni zilezile zenye mwinuko mkali ambazo mizigo mikubwa haipiti, na juu kabisa ya kila nyumba bado imetokeza boriti yenye ndoano ambayo kwa karne nyingi imetumika kufungia kapi na kuvutia samani kupitia madirishani. Wenzangu katika mkutano, ambao wengi wametoka katika nchi zenye hoteli za kifahari za vioo na chuma, waliusifu huo upogo wa jengo kuliko marumaru ya mabafuni, nami niliungana nao.

Nyumba za Amsterdam zimesimama juu ya magogo yaliyopigiliwa katika udongo laini wenye majimaji mpaka yakafika kwenye mchanga mgumu. Kasri la Kifalme katika uwanja wa Dam peke yake linabebwa na magogo 13,659. Magogo hayo hudumu maadamu yamezama majini, lakini maji ya ardhini yakishuka, hewa huingia na mbao huanza kuoza. Kwa hiyo kila uzito unaoongezwa juu, kila ukuta unaoondolewa, ni suala la uhai wa nyumba na wa nyumba ya jirani, kwa kuwa zimeegemeana. Fundi mmoja mwenyeji alitueleza kwamba kazi yake kubwa katika ukarabati wa hoteli ni kukataa yale ambayo mwenye mradi anayataka.

Nikiwa nimelala nikiitazama ile dari, niliona nyumba zetu. Chumba cha Mji Mkongwe ni chembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake, na ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa umejengwa mnene ili uzibebe hizo boriti. Amsterdam nako upana wa nyumba umetokana na mbao zinazolala kutoka ukuta hadi ukuta. Katika miji yote miwili mti ndio uliopima chumba, na katika miji yote miwili anayebomoa ukuta ili apate ukumbi mpana anaiondolea nyumba mfupa wake. Tofauti ni kwamba kwetu mambo hayo yanafanyika mchana. Nimeona kwa macho yangu chokaa ikibanduliwa na kuta kupigwa plasta ya saruji, ambayo huzuia unyevu usitoke na hatimaye huula ukuta kwa ndani. Nimeona zege nzito ikimwagwa juu ya kuta ambazo hazikujengwa kuibeba, ili tu juu ya paa pawe na mgahawa wa kutazamia machweo. Sidai kwamba hoteli ndizo zilizoangusha nyumba za mji huu, maana nyingi zimeanguka kwa kuachwa bila matengenezo, na hata Beit el Ajaib, jengo la umma, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Ninachosema ni kwamba hoteli yenye fedha ingeweza kuwa mwokozi wa nyumba, na mara nyingi inaingia kama mbomoaji.

Wapo watakaosema kwamba Waholanzi ni matajiri na hatuwezi kujilinganisha nao. Lakini katika miaka ya baada ya vita kuu ya pili Amsterdam ilikuwa na mitaa mizima ya nyumba zilizochakaa, na wapangaji wa mji walikuwa tayari kuzivunja kwa ajili ya barabara pana na reli ya chini ya ardhi. Mwaka 1975 wakazi wa mtaa wa Nieuwmarkt walipambana na polisi kwa sababu ya bomoabomoa hiyo. Zilizookoa nyumba nyingi ni juhudi za watu waliokaa chini wakafikiri. Mwaka 1956 iliundwa kampuni iitwayo Stadsherstel, ambayo wanahisa wake walikubali faida ya kiasi tu, ikawa inanunua nyumba mbovu, hasa zilizo kwenye kona za mitaa ili jirani naye apate moyo wa kutengeneza yake, inazikarabati, kisha inazipangisha. Kampuni hiyo ipo hadi leo na inamiliki majengo mengi. Upande wa hoteli, mfano unaotajwa sana ni Pulitzer, iliyofunguliwa mwaka 1970 na Peter Pulitzer, mjukuu wa yule Joseph Pulitzer ambaye waandishi wa habari wanaijua tuzo yenye jina lake. Hoteli hiyo imeunganisha nyumba 25 zilizo kati ya mifereji ya Prinsengracht na Keizersgracht, nyingi kati yake zikiwa zilikwisha kuchoka. Makazi na hoteli vilikwenda pamoja, na sioni sababu ya Zanzibar, yenye nyumba nyingi za wakfu na za serikali ndani ya Mji Mkongwe, kushindwa kutafuta mtaji wa namna hiyo kwa nyumba zinazokaliwa na watu, badala ya kungoja mwekezaji wa hoteli kila paa linapovuja.

Hata hivyo Amsterdam haikuishia hapo, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mji uliona kwamba hoteli nzuri zikizidi nazo huumiza. Wakazi zaidi ya 30,000 walitia saini ombi la kutaka wageni wapunguzwe, na mwaka 2021 baraza la mji likapitisha kanuni inayoweka ukomo wa usiku milioni 20 za watalii kulala mjini kwa mwaka, ambao ukikaribia kufikiwa uongozi unawajibika kuchukua hatua. Mwaka 2024 ikaamuliwa kwamba hoteli mpya haitajengwa isipokuwa nyingine imefungwa, na idadi ya vitanda isiongezeke. Mwenye nyumba ya kuishi anayetaka kuipangisha yote kwa watalii aliwekewa mwaka 2019 kikomo cha usiku 30 kwa mwaka. Mgeni naye hulipia: kodi ya malazi ya mji ni asilimia 12.5 ya bei ya chumba tangu 2024, na tangu Januari 2026 Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa malazi imepanda kutoka asilimia 9 hadi 21. Wenye hoteli hawakuyafurahia haya, lakini niliposimama jioni kando ya mfereji niliona taa za majikoni katika nyumba zilizo mkabala na hoteli, watoto wakifanya kazi za shule mezani, baiskeli za wenyeji zimefungwa kwenye vyuma vya daraja. Mji bado una wenyewe.

Venice, mji mwingine wa mifereji na wa hoteli za kifahari, ulichelewa. Mji wake wa kale ulikuwa na wakazi wapatao 175,000 mwaka 1951, na mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Tozo ya euro 5 kwa wageni wa kutwa iliyoanza mwaka 2024 haiwezi kuwarudisha waliokwisha kuhama.

Lipo jambo jingine ambalo siwezi kuliacha, ingawa si la ujenzi. Nyumba nilimolala ilijengwa katika karne ambayo utajiri wa Amsterdam ulitoka kwa kiasi kikubwa katika makampuni mawili ya biashara ya baharini, Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki, iliyoanzishwa 1602, na ile ya Magharibi, iliyoanzishwa 1621, na sehemu ya utajiri huo ni jasho na damu ya watumwa. Mji wenyewe ulikuwa mwenye hisa katika koloni la Suriname. Makazi rasmi ya meya, nyumba namba 502 kando ya mfereji wa Herengracht, yalijengwa kwa ajili ya Paulus Godin, mkurugenzi wa Kampuni ya Magharibi aliyeshiriki biashara ya watumwa, na tangu mwaka 2006 mbele ya nyumba hiyo pana kibao kinachosema hivyo. Meya Femke Halsema aliomba radhi kwa niaba ya mji tarehe 1 Julai 2021, na Mfalme Willem-Alexander akaomba radhi miaka miwili baadaye, siku na mwezi uleule. Sisi wa pwani hatuko mbali na habari hiyo: kati ya mwaka 1776 na 1778 meli za Kampuni ya Mashariki zilifika pwani ya Waswahili, Zanzibar ikiwemo, kununua watumwa wa kupelekwa Rasi ya Tumaini Jema, na daftari za safari hizo zimehifadhiwa. Katika hoteli yetu, pamoja na kitabu kizuri cha picha kilichoeleza mapambo ya dari na aina za matofali, hapakuwa na mstari mmoja juu ya jambo hili. Nilimweleza meneja kwa heshima, naye alinisikiliza kwa heshima, na natumaini yataandikwa.

Nalisema hili hapa kwa sababu nyumba kubwa za Shangani na Hurumzi zilijengwa kwa karafuu, pembe za ndovu na watu. Nyumba ya Tippu Tip ingalipo, na Kanisa la Anglikana limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Mgeni anayelala kwetu katika kitanda cha samadari chini ya boriti hizo ana haki ya kuambiwa ukweli wa nyumba, na mtoto wa Zanzibar anayefanya kazi mapokezi ana haki ya kuujua kabla ya mgeni.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, miaka kumi na miaka tisa kabla ya mifereji ya Amsterdam, iliyoingizwa mwaka 2010. Hatuhitaji kungoja kufundishwa thamani ya tulichonacho. Tunachohitaji ni Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyopo tangu 1985, ipewe nguvu ya kukataa mchoro wowote wa hoteli unaoondoa kuta zinazobeba boriti, na kusimamisha kazi pale chokaa inapobadilishwa kwa saruji, hata kama mwenye mradi ana barua kutoka juu. Tunahitaji pia idadi ya vitanda vya hoteli ndani ya Mji Mkongwe iwekewe ukomo unaojulikana na kila mtu, na sehemu ya ada ya miundombinu ambayo mgeni hutozwa kwa kila usiku itengwe waziwazi kwa ajili ya mapaa ya nyumba ambazo familia bado zinaishi.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako, Ndugu Mhariri, liiulize Mamlaka hiyo maswali mawili: ni nyumba ngapi za Mji Mkongwe ambazo zimekuwa hoteli au nyumba za wageni katika miaka kumi iliyopita, na ni ngapi ambazo bado zina familia ndani yake. Majibu yachapishwe kwa ukamilifu, mtaa kwa mtaa, ili wakazi wa Malindi, Shangani, Kiponda na Mkunazini waweze kuyahakiki wenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wa siku nyingi,
Kiponda, Zanzibar