Wageni waonyeshwe pia nyumba zetu za mjini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie lalamiko linalorudiwa mara kwa mara hapa Mwanza, kwamba watalii hushuka uwanja wa ndege, hulala usiku mmoja, na alfajiri huelekea lango la Ndabaka kuingia Serengeti kana kwamba jiji letu ni stendi tu. Kwa maoni yangu hatujawapa sababu ya kubaki, na nililoliona Moroko limenithibitishia hivyo.

Nilikwenda Rabat kumtembelea binti yangu anayesoma huko, naye akanilipia ziara ya siku moja mjini Fez, pamoja na mwongoza wageni, kuutazama mtaa wa kale wa Wayahudi. Mimi nilitarajia misikiti na masoko. Mtaa huo unaitwa Mellah, jina lenye asili katika neno la Kiarabu la chumvi, na ni wa kwanza wa aina yake nchini humo: Wayahudi wa Fez walihamishiwa hapo, kando ya kasri la sultani, mwaka 1438. Mwongozaji wetu, Mwislamu mzaliwa wa mji huohuo, alitutaka kwanza tuinue macho. Nyumba za Waislamu wa Fez huupa mtaa mgongo na kutazama ua wa ndani, ilhali za Wayahudi zina roshani zinazochungulia barabarani, hivyo hata asiyejua kusoma anaweza kutambua kwa kutazama ukuta nani aliishi wapi.

Alituingiza katika sinagogi la Ibn Danan, lililojengwa karne ya 17 na kukarabatiwa mwishoni mwa miaka ya 1990, akatuteremsha mpaka kwenye birika la kujitakasia lililo chini yake. Hata hivyo, kilichonifanya nimheshimu ni kwamba hakuficha machungu. Alisimulia jinsi, mwezi Aprili 1912, wiki chache baada ya sultani kutia saini mkataba ulioiweka Moroko chini ya Wafaransa, askari walioasi na watu wa mjini walivyouvamia mtaa huo, wakapora na kuua, na maelfu ya Wayahudi wakapewa hifadhi katika bustani ya wanyama ya sultani, wengine ndani ya vizimba vitupu. Makaburini, kati ya makaburi meupe yaliyobanana, alituonyesha kaburi la Sol Hachuel, msichana wa Tangier aliyekatwa kichwa mwaka 1834 kwa kukataa kukiri kwamba yeye ni Mwislamu, na ambaye amekuwa akiheshimiwa na Wayahudi na Waislamu vilevile.

Katika miaka ya 1940 Moroko ilikuwa na Wayahudi wapatao robo milioni. Wengi wamehamia Israeli, Ufaransa na Kanada, wamebaki elfu chache, lakini katiba ya mwaka 2011 inautaja mchango wa Kiebrania kuwa sehemu ya utaifa wa nchi hiyo. Kwa hiyo mwongozaji yule hakuwa akisimulia habari za wageni waliopita. Alikuwa akisimulia mji wake.

Nasi tunazo nyumba zinazosema. Katikati ya jiji yapo majengo ya wafanyabiashara wa Kihindi, mengine yakiwa na mwaka wa ujenzi juu ya mlango, ambayo hupakwa rangi za matangazo au kubomolewa bila mtu kuuliza ni ya nani. Historia yake si nyepesi. Wakulima wa Kisukuma walilalamikia mizani ya wanunuzi wa pamba hadi wakaunda vyama vyao vya ushirika, ambavyo kina Paul Bomani waliviunganisha mwaka 1955. Na mwaka 1971 serikali ilitwaa nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, zikawa chini ya Msajili wa Majumba, na familia nyingi zikaondoka. Mzee wa Kihindi aliyebaki na mzee wa Kisukuma aliyepeleka pamba mizanini hawatasimulia jambo hili kwa namna moja, na hilo halinisumbui hata kidogo, mradi kijana anayewaongoza wageni awe amewasikiliza wote wawili.

Makumbusho ya Bujora yanaeleza vizuri habari za Wasukuma, na Jiwe la Bismarck kila mtu amelipiga picha. Mitaa iliyo kati ya kituo cha reli na ziwa haina msimulizi. Naiomba halmashauri ya jiji iwakutanishe waongoza watalii wetu na wazee hao wangali hai, kabla ya kufikiria vibao na vipeperushi. Kwa upande wangu nimeanza kunakili katika daftari miaka iliyoandikwa juu ya milango. Imebaki mitaa miwili, na daftari hilo nitalitoa bila malipo kwa yeyote atakayeianza kazi hiyo.

Mwalimu mstaafu,
Isamilo, Mwanza