Maswali yaje kabla ya sindano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu kazi ninayoifanya, kwa sababu mara kwa mara napokea ujumbe kutoka kwa vijana wa nyumbani wanaotaka kujua ni kozi ya siku ngapi inayomwezesha mtu kuchoma Botox, dawa ya kulainisha mikunjo ya uso, na kutoka kwa akina dada wanaotaka kujua bei. Sijawahi kuulizwa hata mara moja mtu anapaswa kuhojiwa nini kabla hajaguswa, ilhali mahojiano hayo ndiyo kazi yenyewe, na sindano ni dakika chache tu za mwisho.

Mimi ni msaidizi wa daktari katika jimbo la Texas, Marekani, kwenye kliniki ya urembo wa kitabibu. Cheo hicho huwapotosha wengi, wakadhani ni mtu wa kumshikia daktari vifaa. Fani hii ilianzishwa mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Duke na Dkt. Eugene Stead, ambaye, kwa kuwa madaktari walikuwa hawatoshi, aliwachukua vijana waliowahi kuwa wahudumu wa tiba katika jeshi la majini akawafundisha kupima, kutambua maradhi na kutibu. Siku hizi mtu husoma shahada ya uzamili kwa takriban miezi 27, hufanya mtihani wa taifa, na baada ya hapo kila miaka miwili hulazimika kukamilisha saa 100 za masomo ya kujiendeleza. Msomaji wa Tanzania au Kenya atanielewa upesi akimkumbuka tabibu wa kituo cha afya. Kisheria nasimamiwa na daktari, lakini chumbani mara nyingi tunakuwa wawili tu, mimi na mgonjwa, na nikikosea kumuuliza jambo hakuna mwingine wa kuliuliza.

Mwaka jana alikuja mama mmoja wa makamo, mzaliwa wa mashariki mwa Kongo, akitaka kuondolewa kwa leza nywele zilizomwota kidevuni. Fomu yake ilikuwa safi: penye swali la dawa anazotumia aliweka alama ya hapana. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko shingo, na viungo vya vidole vyake vilikuwa vyeusi, jambo ambalo yeyote aliyekulia kwetu analijua maana yake. Nikamuuliza kwa Kiswahili, "Mama, usiku kabla ya kulala unapaka nini usoni?" Alinitazama kidogo, akafungua mkoba, akatoa kikopo kilichofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Kwake hiyo haikuwa dawa, ilikuwa mafuta, na fomu haikuwa imemuuliza habari za mafuta. Ndani ya mkorogo ule alikuwa akichanganya tyubu ya klobetasoli, steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi) kali mno ambayo haifai kupakwa usoni kwa miezi, sembuse kwa miaka.

Steroidi ya namna hiyo hupunguza unene wa ngozi, na inaweza yenyewe kuotesha nywele usoni. Kwa hiyo huenda nywele alizokuja kulipia ziondolewe zililetwa na kikopo kile kile, na kama ningewasha mashine siku ile ningekuwa naichoma ngozi iliyokwisha kudhoofika. Wala hakuweza kuiacha ghafla, maana ngozi iliyozoea steroidi ikinyimwa kwa siku moja huwaka, huvimba na kuuma. Tulikubaliana apewe dawa hafifu zaidi na apunguze siku za kupaka kidogo kidogo, na nikamwandikia kipimo cha homoni, kwa sababu nywele za kidevuni huweza pia kuashiria matatizo ya ovari. Hadi leo leza hatujamfanyia.

Ngozi yetu inahitaji uangalifu wa pekee mbele ya mashine hizi. Leza ya kuondoa nywele huifuata melanini, yaani rangi ya asili, ya unywele, lakini melanini imo pia katika ngozi nyeusi, na mashine haiwezi kupambanua. Leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 755, inayofanya vizuri kwa watu weupe, huweza kumwachia mtu mweusi mistari ya kuungua mashavuni. Ya nanomita 1064 hupenya chini zaidi na melanini huinyonya kidogo, ndiyo maana ni salama zaidi kwetu, na hata hiyo huanza kwa kujaribiwa sehemu ndogo. Mteja ana haki ya kuuliza atawashiwa ipi.

Nilikofanya kazi awali, mahali ambapo sitapataja, tulipewa dakika 15 kwa kila mtu, na malipo yetu yalipanda kadiri tulivyouza. Nilipomrudisha nyumbani binti mmoja aliyetaka kuongezewa midomo kwa mara ya tatu katika miezi michache, niliitwa ofisini nikaambiwa kwamba nafukuza wateja. Niliondoka pale, na hasira niliyotoka nayo haijaisha. Anayelipwa kwa sindano alizochoma atapata taabu sana kusema hapana, na hapana ndiyo inayomlinda mgonjwa.

Watu huiona fila, yaani jeli inayochomwa kujaza midomo au mashavu, kuwa kitu chepesi kwa sababu haina kisu. Ikiingia ndani ya mshipa wa damu, ngozi hupauka hapo hapo, kisha huonyesha alama kama wavu. Kati ya nyusi na kwenye pua hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa mishipa ya hapo imeungana na ile inayolisha jicho, na wapo waliopoteza uwezo wa kuona. Fila ya asidi ya haialuroniki ina dawa ya kuiyeyusha, haialuronidesi, lakini lazima iwepo chumbani na mchomaji autambue ule weupe mapema. Anayekuja kukuchoma sebuleni kwako, muulize kama ameibeba.

Sisemi haya ili vijana waikimbie kazi hii. Nawasihi wapitie kwanza wodini na kwenye kliniki za kawaida, kama nilivyopitia miaka minne, maana huko ndiko nilikojifunza kutazama vidole vya mtu aliyekuja kwa ajili ya kidevu. Nyumbani msingi upo. Pale Moshi, katika hospitali ya KCMC, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwa kikiwafundisha matabibu na wauguzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika tangu miaka ya 1990. Hao ndio wanaowapokea waliounguzwa na mkorogo baada ya muuzaji kukunja meza yake.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba gazeti lako limtume mwandishi akakae nao siku mbili tatu, aandike wanayoyaona, na kila mahali panapotangazwa huduma ya sindano za urembo aulize jina na leseni ya anayechoma.

Wako katika huduma,
Msaidizi wa daktari, Texas, Marekani
(Jina limehifadhiwa)