Somo, Mzee Afande hajafa

Somo yangu, assalaam aleikum. Voisi noti yako niliisikiza nikiwa ndani ya tuktuk hadi dereva akageuka kuniangalia, maana ulivyokuwa ukilia ungedhani maiti iko hapo sebuleni kwako Doha. Sasa tulia unisikize. Mzee Afande hajafa. Aliyefariki ni yule mzee wa Barsheba aliyekuwa akiuza makaa, Mungu amrehemu, na yeye pia watu walikuwa wakimuita Afande kwa ajili ya lile koti lake la kijani, ndio watu wakachanganya wakaanza kutumiana picha na pole. Huyu wetu, mwanajeshi wa zamani wa hapa Kisauni, Mombasa, nimemuona jana kwa macho yangu, kajitosa kwenye mtaro wa nyuma ya msikiti, maji ya magoti, filimbi mdomoni, awaamrisha vijana wa watu watoe machupa ya plastiki kabla mvua ya mwaka haijatuingilia majumbani kama kawaida yake.

Halafu wewe waniuliza kwani alipigana wapi. Wajua hata mimi miaka yote nilidhani ni Somalia, si hapa ukitaja mwanajeshi watu wote huruka Somalia ya 2011 na zile sherehe za jeshi za tarehe 14 Oktoba. Kumbe vita vyake ni vya Sierra Leone huko, mwaka 2000, na ukimwambia alipigana vita atakukata hapo hapo, asema yeye alivalishwa bereti ya buluu ya Umoja wa Mataifa akapelekwa kulinda amani, ila alipofika hiyo amani yenyewe hakuikuta. Wakenya walikuwa upande wa Makeni na Magburaka, kazi ni kupokea silaha za waasi wa RUF wanaokubali kuacha vita. Mwezi wa tano waasi wachache wakaja wakasalimisha bunduki zao, wakubwa wao wakaja juu wataka warudishiwe watu wao na silaha zao, mambo yakaharibika, walinda amani karibu 500 wakatekwa, wengi walikuwa Wazambia na Wakenya pia walikuwemo, na kuna wenzake hawakurudi nyumbani. Ikifika hapo utamsikia aulizia sukari iko wapi, na hadithi ndio imeisha.

Sehemu ambayo hachoki kuihadithia ni ile ya baadaye, alipowekwa Jenerali wetu Daniel Opande kuwa kamanda wa kikosi chote cha UN, hiyo ni Novemba 2000, kazi ya kukusanya silaha ikafufuliwa. Mpaka vita vinatangazwa kwisha Januari 2002 watu zaidi ya 75,000 walikuwa washaweka silaha chini, na humo ndani mna maelfu ya watoto. Watoto kabisa somo, wa kukalia mkeka wa madrasa. Asema mtoto alikuwa akileta bunduki yake, aandikwa jina, apewa karatasi yake, halafu yuasimama tu pale pale, haendi, mikono hajui aiweke wapi. Asema kuchukua bunduki ni dakika tano, shida ni kesho yake asubuhi huyo mtoto atafanya nini.

Sasa hayo yalete hapa Kisauni. Yule kitinda mimba wetu unayemjua, mwaka jana alikuwa ashajiunga na genge la vijana wa mapanga. Sikukwambia kwa sababu ya aibu na mama alinikataza. Siku moja magharibi wamekaa maskani chini ya mwarobaini, panga liko chini ya benchi, Mzee akafika akasema tu, "Hebu lete hilo." Mdogo wangu akajua ashashikwa, akampa. Mzee akapitisha kidole gumba kwenye makali taratibu, akacheka, "Hili hata dafu halifungui." Akatoa tupa mfukoni (huyu mtu hutembea na tupa!) akakaa kwenye jiwe akalinoa, krr krr krr, vijana wote kimya wamwangalia, akamaliza akalijaribu kwa jani la mwarobaini, likakata. Akamrudishia kwa upande wa mpini. "Kesho baada ya alfajiri, nyasi za mtaro. Na uje na viatu."

Mimi niliposikia nilimuendea nikamfokea, nikamwambia Mzee wewe wanoa panga wampa mtoto kama yule, wataka atuuwe? Akaniambia, "Nikimnyang'anya atanunua lingine Kongowea kesho." Nikakosa la kusema.

Na usidhani ilikuwa kama sinema, kijana hakwenda. Mzee akawa kila alfajiri apita dirishani kwetu apuliza filimbi, majirani wanatutukana, hadi mama mwenyewe akamtoa mwanawe kitandani kwa sikio. Saa hizi yuko kwa fundi wa kuchomelea, ajifunza kutengeneza mageti, na mikono imejaa alama za moto. Lakini sio wote wameshika njia, kuna waliorudi kule kule na mmoja yuko ndani, na Mzee humpelekea sabuni, maana kwao hawataki hata kumsikia.

Mikoko pia Mzee na vijana wake bado wapanda. Jumamosi maji yakipwa huwapeleka Mishomoroni, wanadunga zile mbegu ndefu kwenye tope, ni kazi rahisi hata wewe na kucha zako ungeiweza, ngumu ni kulinda, kwa vile hapo hapo kuna watu hukata mikoko usiku kwa kuni na kwa kupikia chang'aa. Mara nyingine aliyekata na aliyepanda hulala nyumba moja, lakini hayo tuyaache.

Sasa nije kwa hilo wazo la kundi lenu la wasap, la kumfanyia hafla na kumpa ngao, na tisheti zenye sura yake. Somo mimi silitaki, na nakwambia wewe kwa kuwa nakupenda. Kuna mheshimiwa mmoja, simtaji, alishamletea hema na viti na spika, akapewa cheti kwenye fremu, picha zikapigwa hadi jua likazama. Kesho yake mtaroni alikuwa yeye na vijana wake wale wale, wale wa kwenye zile picha hakuna hata mmoja aliyekuja na jembe. Hiyo fremu ameitumia kuzibia dirisha la choo, nimeiona. Na hiyo ya kumsimamisha uMCA, awe mwakilishi wa wadi, 2027 ndio kabisa, mtampotezea vijana, kila mzazi atadhani mwanawe anaokotwa kwa ajili ya kura.

Kama mmechanga kitu, basi lipieni vijana mtihani wa ufundi wa gredi 3 wa NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, wako wanne tayari na fundi amesema wanaweza, bila ile karatasi hakuna saiti itakayowaandika, watabaki kuwa vibarua wa fundi hadi wazeeke. Zikibaki ni gambuti na tupa mpya, ile yake imekwisha meno. Gambuti za mdogo wangu ni 42. Mzee avaa 44 lakini amesema mkikosa leteni 43 atazikata mbele mwenyewe.

Pesa zitume kwangu, usimtumie yeye maana hazitafika jioni, atakuwa ashazigawa. Na ukitaka kumsikia sauti piga baada ya isha, kabla ya hapo simu huiacha kwa yule mama wa mahamri, atakayepokea ni yeye, na usije ukasema sikukuonya, atakuomba udi na manukato ya Doha mpaka salio likuishie.