Kabla hujanunua konvata ya RS-232 kwenda RS-485

Wateja wengi huingia dukani kwetu na ombi moja: "Nipe konvata ya RS-232 kwenda RS-485." Tunazo, na bei yake si kubwa. Lakini hatukuuzii kabla ya kukuuliza maswali, kwa sababu konvata nyingi zinazorudishwa kwamba ni mbovu, tukizipima mezani tunakuta ni nzima kabisa. Tatizo limebaki kulekule kiwandani, na mteja amepoteza nauli na siku ya kazi.

RS-232 ni kiwango cha mawasiliano ya vifaa kwa kebo, cha mwaka 1960 kutoka Marekani, na bado kimejaa viwandani: nyuma ya indiketa (visoma uzito) za mizani ya malori, kwenye printa, kwenye mashine za CNC, yaani za kukata vyuma zinazoendeshwa na kompyuta. Kinatumia volti inayopimwa kati ya waya mmoja na waya wa ethi ya mawasiliano. Volti hasi ni 1, volti chanya ni 0. Vifaa ni viwili tu, na umbali wa kutegemea ni kama mita 15. RS-485, iliyotoka mwaka 1983, hutumia nyaya mbili zilizosokotwa, na mpokeaji husoma tofauti ya volti kati yake. Kelele ya umeme kutoka kwenye mota ikiingia inazipata zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo tofauti haibadiliki. Ndiyo maana kwa kasi ndogo inafika mita 1200, na kebo moja hubeba vifaa 32 vya kawaida.

Chukua mizani ya malori kwenye ghala la mahindi. Indiketa iko kwenye kibanda cha mizani, kompyuta ya karani iko ofisini, mita 80 kutoka hapo, na fundi amevuta kebo ya RS-232 moja kwa moja. Asubuhi uzito unasomeka vizuri. Mashine ya kukoboa ikiwashwa, kwenye skrini zinatokea alama zisizoeleweka badala ya kilo. Karani anaanza kuandika uzito kwa mkono, na hapo ndipo ugomvi na madereva unapoanzia. Hapa konvata ndiyo dawa: moja kibandani, moja ofisini, na katikati kebo iliyosokotwa.

Ila tuelewane: konvata inabadilisha volti, haibadilishi lugha. Laini ya simu inaweza kuwa safi kabisa, lakini huyu akizungumza Kisukuma na yule Kimakonde, hawataelewana. Kama PLC yako (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo) inauliza kwa Modbus RTU, itifaki, yaani lugha ya vifaa, iliyoanzishwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979, na indiketa yako inamwaga tu maandishi ya uzito mfululizo, hakuna konvata ya kawaida itakayokusaidia. Unahitaji kifaa kingine chenye prosesa ndani, kinachopokea itifaki moja na kutoa nyingine. Bei yake ni kubwa zaidi, na tungependa ulijue hilo kabla hujalipa.

Hata lugha ikiwa moja, mipangilio lazima ilingane pande zote: kasi, idadi ya biti, pariti (biti ya kukagua makosa), na biti ya kumalizia (stop bit). Maelezo ya Modbus yanataka vifaa vianze na kasi ya 19200 na pariti shufwa, lakini vingi vinavyouzwa huja na 9600 bila pariti. Fungua kitabu cha kifaa uhakikishe, usikisie.

Sasa zile nyaya mbili za RS-485, zinazoandikwa A na B. Watengenezaji hawakubaliani juu ya ipi ni ipi. A ya kifaa kimoja inaweza kuwa B ya kingine. Kukiwa kimya kabisa, zigeuze kwanza kabla hujafanya jambo lolote. Kuzigeuza hakuunguzi kitu.

Jambo linalosumbua zaidi ni zamu ya kuongea. Kwenye RS-485 ya nyaya mbili, anayetuma akimaliza lazima aachie laini ili mwingine ajibu. Konvata nyingine hutegemea programu ya kompyuta iwape ishara hiyo kupitia waya wa RTS, na programu nyingi hazifanyi hivyo. Dalili yake ni kwamba swali linatoka, jibu halirudi, au linarudi likiwa limekatwa mwanzoni. Tunashauri uchukue ile inayobadili zamu yenyewe. Epuka pia zile ndogo zisizo na umeme wake, zinazokula umeme wa poti ya kompyuta: kompyuta za leo zinazopata poti ya RS-232 kupitia kebo ya kugeuza USB mara nyingi hazitoi nguvu ya kutosha kuziendesha.

Kebo ipite kifaa kwa kifaa kama mnyororo, isitawanyike kutoka sehemu moja kwenda kila upande. Miisho yake miwili tu ndiyo inafungwa rezista ya ohm 120. Zima umeme, pima kati ya A na B: ukipata karibu na 60, ziko mbili kama inavyotakiwa. Ukipata 120, moja haipo. Ukipata 40, kuna mtu ameongeza ya tatu katikati.

Na kama kebo inatoka jengo moja kwenda lingine, tafadhali usinunue konvata ya bei rahisi. Kila jengo lina ethi yake, na tofauti ya volti kati ya ethi hizo inaweza kuzidi kile RS-485 inachovumilia, yaani kuanzia volti hasi 7 hadi chanya 12. Radi ikipiga karibu, tofauti hiyo inaruka juu mno. Chukua konvata yenye kitenganishi cha umeme ndani, na uifungie kinga ya radi. Hapa hatutakupa njia ya mkato, kwa sababu poti ya PLC ikiungua gharama yake haifanani hata kidogo na ya konvata.

Ukija kwetu, au ukitutumia ujumbe, leta picha ya kibandiko cha kila kifaa, kurasa za kitabu zinazoeleza mawasiliano, umbali, na idadi ya vifaa. Kama una maltimita, washa kifaa kikiwa hakijaunganishwa, kisha pima poti ya pini 9 kati ya pini 5 na 2, halafu 5 na 3. Yenye volti hasi, mara nyingi kati ya 5 na 12, ndiyo inayotuma. Fanya hivyo kwa kompyuta pia. Ukikuta kifaa na kompyuta vyote vinatuma kwa pini yenye namba ileile, na umbali ni mita chache tu, huhitaji konvata: unahitaji kebo inayovusha 2 kwenda 3, na hiyo tunakutengenezea ukiwa unasubiri.